Mbele ya kuuliza i7, geuza sanduku uangalie tundu za nyuma



Kila mara mumoja wetu anatafuta kompyuta ya kazi, ulizo la kwanza ni lile lile: "Iko i7?" Muuzaji akijibu ndiyo, anauliza RAM, anauliza diski, kisha anatosha franga. Leo nataka kukosoa hii namna ya kuchagua. Sisemi i7 ni mubaya. Nasema hivi: kwa kazi yenye wengi kati yetu wanatafuta sasa, ni kusema sanduku ndogo ya mezani pamoja na ekrani ya 4K kwa kuchora ramani za mashamba, i7 haiko kitu cha kwanza cha kuuliza, na mara mingi haiko hata cha pili.

Haiko mambo ya kujionyesha. Mutu akimaliza masomo bila kazi, familia inamuchangia dola moja moja ili aanze biro kadogo kwake Katuba. Ile franga inakuja mara moja. Akinunua chombo chenye kinakwama-kwama, hakuna mwenye atamuchangia tena mwaka ujao. Mutu wa Brussels anaweza kurudisha sanduku mu duka kesho yake. Sisi, chombo cha okazioni kikisha kutoka mu duka, mara mingi ni chako, na makosa yake yote.

Wamoja watasema: agronomu na ekrani ya 4K, wapi na wapi? Haya, tupige hesabu. Picha za satelite ya Sentinel-2 ni za bure, na katika zile za vipimo vya meta 10, kila pikseli ni meta 10 ya udongo. Ekrani ya Full HD iko na pikseli 1 920 kwa 1 080. Ukifungua ile picha bila kuipunguza, unaona kilometa 19 kwa 10 na kidogo. Ekrani ya 4K iko na pikseli 3 840 kwa 2 160, ni kusema unaona kilometa 38 kwa 21. Kwa maneno ya kwetu: kwa Full HD, ukiona Katuba, Kipushi iko inje ya ekrani. Kwa 4K unaona Katuba, unaona Kipushi, na mashamba yote yenye iko katikati, bila kuvuta-vuta ramani. Mutu mwenye anapima mashamba ya mahindi ya watu makumi tano kwa siku anajua ile tofauti ina maana gani kwa macho na kwa saa za kazi. Kwa hiyo 4K iko na sababu yake. Shida ni namna tunaichagulia kompyuta.

Mu gradua tulifundishwa sheria ya Liebig, ile ya kipimo cha chini. Mavuno haifuate chakula chenye kiko kingi mu udongo, inafuata kile chenye kinakosekana zaidi. Unaweza kumwaga urea mupaka uchoke; kama fosfori haiko, mahindi itabakia fupi na majani yake itageuka zambarau. Na sisi wa hii udongo mwekundu tunajua namna inavyoshika fosfori na kukatalia mumea. Kompyuta yenye kuendesha ekrani kubwa ni vile vile. i7 ni urea. Fosfori ni ile njia yenye picha inapitia kutoka ndani ya sanduku mupaka ku ekrani: tundu, kable, na RAM.

Tuanze na tundu. Pikseli za 4K ni zaidi ya milioni 8. Ili mushale utembee muzuri ku ekrani, ile picha inapaswa kutumwa mara 60 kwa sekonde. Hesabu inatoa karibu gigabiti 12 kwa sekonde, picha peke yake. Sasa, HDMI ya aina ya 1.4, yenye ilitoka mwaka wa 2009, inaweza kupitisha picha kwa gigabiti 8 na kidogo tu. Haitoshe. Kwa hiyo inashuka, inatuma mara 30 kwa sekonde. Ekrani inawaka, rangi ni muzuri, muuzaji anacheka, wewe unalipa. Kisha unafika kwako, unavuta ramani, na kila kitu kinafuata mukono wako na uchelewaji kama muzee mwenye kuamushwa usiku. HDMI 2.0 ya mwaka wa 2013 inapitisha gigabiti 14, na DisplayPort 1.2 inapitisha gigabiti 17. Hizo mbili zinatosha.

Hapa njo watu wengi wanaanguka. Masanduku madogo yenye yanatufikia kutoka Ulaya, yale ya aina ya Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini ao Lenovo ThinkCentre Tiny, yalitengenezewa mabiro. Chipi za Intel za ile miaka, mupaka ku kizazi cha 8 na cha 9, zenyewe zinatoa HDMI 1.4. Lakini pembeni kuko tundu ya DisplayPort. Sanduku ni moja, tundu mbili ziko karibu karibu kama macho na pua: moja inatoa 30, ingine inatoa 60. Mutu mwenye hajui anaweka kable ya HDMI juu njo yenye iko nayo kwake, kisha anasema "hii mashini ni polepole." Mashini haiko polepole. Iko inapumua kupitia tundu ndogo.

Na kwetu kuko jambo lingine lenye vitabu vya Wazungu havisemi sana. Wengi wetu hatununue ekrani ya kompyuta, tunanunua televisheni ya 4K, ya inchi 43, juu inatumika kwa kazi muchana na kwa familia mangaribi. Sikatae, ni akili. Tena ku inchi 43 maandishi yanasomeka bila kuyakuza, lakini ku inchi 27 ya 4K utapaswa kuyakuza mupaka asilimia 150. Lakini televisheni iko na HDMI tu, karibu zote hazina DisplayPort. Basi unahitaji kitoleo chenye kutoka DisplayPort kwenda HDMI 2.0, na kiwe kile chenye kugeuza alama chenyewe, chenye watu wanaita aktifu. Vile vya bei ya chini sana mara mingi vinapitisha tu alama ya zamani na unarudi ku 30 yako. Kale kachombo kadogo kanakupa kuliko i7 mupya.

Jambo la pili ni RAM. Watu wanauliza "giga ngapi?" Hawaulize "iko mu vipande vingapi?" Mu haya masanduku madogo hakuna karte grafike ya pekee. Chipi inachora picha kwa kutumia RAM ile ile yenye programu zinatumia. Kutuma tu picha ya 4K ku ekrani kunakula karibu giga 2 za RAM kwa kila sekonde, mbele hata QGIS haijafunguka. Kipande kimoja cha DDR4 ya 2 666 kinatoa giga 21 kwa sekonde, vipande viwili vinafungua barabara mbili, giga 42. Kwa hiyo 8 na 8 ni bora kuliko 16 moja. Muuzaji ataandika "16 giga" kwa zote mbili. Fungua kifuniko uhesabu.

Jambo la tatu ni umri wa chipi, na hapa jina i7 linadanganya wazi. i7-6700T ya mwaka wa 2015 iko na viini 4. i5-8500T ya mwaka wa 2018 iko na viini 6. Mutu mwenye anauliza jina tu atalipa zaidi kwa kile cha zamani. Tena Microsoft ilifunga Windows 10 tarehe 14/10/2025, na Windows 11 inaomba Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Kizazi cha 6 hakisaidii vizuri hata video za 4K za YouTube, juu hakina ndani yake kifaa kizima cha kufungua ile aina ya video. Kama umekwisha kununua cha 6, Linux itakifanya kiishi, na QGIS inatembea muzuri ku Linux. Lakini kama haujatosha franga, anzia ku cha 8.

Kuko na wale wanakwenda upande mwingine kabisa: "Ukitaka 4K, nunua tur kubwa yenye karte grafike ya michezo." Kwa ramani zetu, hapana. QGIS inachora ramani za kawaida kwa viini vya chipi, si kwa karte grafike. Ile inasaidia kama unafungua ramani za 3D. Unalipa nguvu yenye haitafanya kazi, na kila siku unalipa tena kwa umeme.

Na umeme, mu Katuba, ni sehemu ya hesabu. Wakati SNEL inakata, unabakia na batri. Tuseme uko na batri ya volti 12 na amperi-saa 100, yenye hautaki kuishusha chini ya nusu: ni wati-saa 600, na ondulere inakula kidogo pale. Sanduku ndogo yenye kula wati 30 pamoja na ekrani ya wati 35 itafanya kazi saa 7 na zaidi. Tur ya wati 150 na ile ekrani ile ile, saa 3 hazifiki. Mutu mwenye aliahidi kupeleka ramani kesho asubui anajua maana ya zile saa 4. Televisheni ya inchi 43 nayo inakula zaidi kuliko ekrani ya inchi 27, iweke mu hesabu.

Niseme pia haki ya masanduku mapya ya bei ndogo, yale ya Intel N100 ya mwaka wa 2023. Watu wanayazarau, si sawa. Kwa umeme ni mazuri sana, na mara mingi tundu zake zinatoa 4K mara 60. Kwa kuandika, kwa intaneti, kwa meza za hesabu, yanatosha. Lakini yako na barabara moja tu ya RAM, na viini 4 vidogo. Ukifungua picha tatu za satelite pamoja, utasikia. Kwa mutu wa ramani za kila siku, mimi nachagua okazioni ya kizazi cha 8 mbele ya ile mupya. Kwa mutu wa rapoti na barua, nachagua ile mupya.

Tusisahau vumbi. Kuanzia mwezi wa tano mupaka wa kumi, vumbi yetu nyekundu inaingia kila mahali, na haya masanduku yako na kipepeo kidogo kimoja. Kikijaa, chipi inapata moto na inapunguza mwendo yake yenyewe. Mutu anafikiri kompyuta imezeeka, kumbe inahitaji burashi na dakika kumi.

Basi, hukumu yangu ni hii: i5 ya kizazi cha 8 ao zaidi, RAM 8 na 8, SSD, DisplayPort yenye kufanya kazi. Na mbele ya kulipa, usikubali kuonyeshwa ku ekrani ndogo ya duka. Omba ekrani ya 4K, ingiza kable, fungua mipango ya ekrani, tafuta hesabu ya Hz. Kama inaandika 30, badilisha tundu. Kama inaandika 60, shika dirisha kwa mushale ulizungushe ku ekrani yote. Jicho lako litakuambia. Kisha fungua kifuniko, hesabu vipande vya RAM. Muuzaji muzuri hatakasirika. Akikasirika, salimia uende.

Ninaweka pia ombi kwa chama. Kila mumoja anakwenda kununua mikono mitupu, anategemea kable ya muuzaji. Tununue pamoja kable moja muzuri ya DisplayPort, moja ya HDMI, na kitoleo kimoja aktifu. Viwekwe mu mufuko kwa sekretere, na kila mwanachama mwenye anakwenda kununua aviombe, aende navyo, avirudishe. Mufuko mumoja kama ule unaweza kulinda michango ya familia nyingi za Katuba.