Mnong'ono wa Inanga: Uhakiki wa Sauti Zilizonaswa

Mhakiki wa fasihi akipewa diwani ambayo wino wake umefifia, hathubutu kumlaumu mshairi kwa ubeti usiosomeka. Hujua kuwa kosa ni la mpiga chapa. Lakini mhakiki huyo huyo akisikiliza wimbo ulionaswa katika utepe, huihukumu sauti inayomfikia kana kwamba imetoka kinywani mwa mwimbaji moja kwa moja. Husema: mwimbaji huyu hana sauti, ngoma ile imepasuka, zeze lile linakwaruza. Sisi tunaona kwamba nyingi katika hukumu za namna hiyo zimemtia hatiani asiyehusika. Kabla wimbo haujafika katika utepe, umekwisha kupita mahali padogo ambapo wasikilizaji wachache hupafikiria, napo ni amplifaya ya awali: kile chombo kinachopokea umeme dhaifu wa maikrofoni na kuukuza mpaka uwe na nguvu ya kuandikika.

Jambo hili si dogo kwa taifa letu. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na mwaka 1965 ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Tangu hapo kunasa nyimbo na ngoma za wananchi kumehesabiwa kuwa kazi ya umma. Wazee wengi walioimba mbele ya maikrofoni hizo wamekwisha kufariki. Kilichobaki kwao ni kile tu ambacho amplifaya ilikubali kukipitisha.

Mfano bora wa hoja yetu uko Burundi, ng'ambo ya mpaka wa kaskazini wa Mkoa wa Kigoma, kwa watu ambao lugha yao na Kiha ni ndugu wa karibu sana. Huko kuna fani ya inanga ya kunong'ona. Inanga ni kipande kirefu cha mti kilichochongwa kama hori, nyuzi zikapitishwa juu yake kutoka ncha hadi ncha. Mpigaji wa fani hii haimbi, bali hunong'ona. Mnong'ono hauna lahani, maana ni pumzi tupu inayopita kooni bila nyuzi za sauti kutetemeka. Hata hivyo msikilizaji husikia wimbo wenye lahani kamili! Lahani hutolewa na nyuzi za inanga, maneno hutolewa na pumzi, na sikio huviunganisha viwili hivyo hata likaamini kwamba mtu anaimba. Mtaalamu wa muziki Cornelia Fales ameyachambua mambo haya katika maandishi yake ya mwaka 2002, na yeyote atakaye kujua ujanja wa sikio la binadamu atafaidika kwa kuyasoma.

Sasa na tuutazame mnong'ono kwa jicho la fundi. Pumzi inayopita kooni hutoa mchakato laini wa sauti za kila kima zilizochanganyika, mfano wa mvua ikinyesha juu ya majani. Amplifaya nayo ina mchakato wake wa namna hiyo hiyo, utokao katika mtikisiko wa elektroni ndani ya nyaya, rezista na transista. Kwa hiyo amplifaya mbovu hufanya zaidi ya kuuchafua mnong'ono: huweka pumzi yake yenyewe mahali pa pumzi ya mwimbaji. Maneno huzama, sikio halina tena cha kuunganisha na nyuzi, na fani nzima huvunjika. Atakayesikiliza utepe huo atasema amesikia mtu akipiga nyuzi katika mvua.

Hesabu zake ni rahisi, na mwanafunzi wa fizikia aweza kuzihakikisha mwenyewe. Maikrofoni ya kawaida ya koili hutoa milivolti 2 hivi inapofikiwa na kelele ya desibeli 94. Mnong'ono ukiifikia kwa desibeli 40, itatoa kiasi cha mikrovolti 4 tu. Koili yenyewe, ikiwa na omu 150, ina mchakato wake wa asili wa mikrovolti 0.2 hivi katika upana wote wa usikivu wa binadamu, na huo hauondoki kwa ufundi wowote, maana ni joto la dunia. Mwimbaji basi anao uwezo wa kuushinda mchakato huo mara ishirini hivi. Ikija amplifaya iliyobuniwa ovyo ikaongeza mikrovolti 2 zake, mara ishirini hizo hushuka zikawa mara mbili. Ndiyo maana wabunifu wa zamani walitanguliza transfoma mbele ya vali, ipandishe volti mara kumi kabla vali haijatia mchakato wake. Na ndiyo maana wabunifu wa transista huchagua kwa uangalifu mkubwa zile mbili za mlangoni kuliko zote zinazofuata. Kosa la hatua ya kwanza hukuzwa na hatua zote.

Upande wa pili wa mizani iko ngoma. Ngoma kubwa ikipigwa karibu na maikrofoni ile ile, hutoa milivolti 20 na zaidi, yaani zaidi ya mara elfu tano ya mnong'ono wetu. Fundi aliyeiweka amplifaya ikuze mara elfu moja kwa ajili ya mzee wa inanga, kisha akasahau kuipunguza, anaidai itoe volti 20 na zaidi. Amplifaya nyingi za studio huendeshwa kwa volti 15 chanya na 15 hasi. Haiwezi kutoa isichopewa. Hukata vilele vya mawimbi, na ngoma husikika imepasuka hali ngozi yake ni nzima.

Katika nyimbo alizozinasa Michel Vuylsteke nchini Burundi mwaka 1967, zikatolewa na Ocora ya Ufaransa, ngoma na mnong'ono vyote viwili vimo katika sahani moja. Tunaisifu kazi hiyo, hasa kwa kuwa pumzi ya mnong'onaji inasikika kuwa pumzi ya mtu. Lakini tazama yaliyofuata. Ulimwengu ulizichukua ngoma: mwaka 1971 zilifanywa muziki wa dansi kwa jina la Burundi Black, na mwaka 1975 Joni Mitchell alizitumia katika wimbo wake The Jungle Line. Mnong'ono haukuchukuliwa. Sababu za soko zipo, hatuzikani. Walakini iko pia sababu ya ufundi. Ngoma huvumilia amplifaya ya kila namna, sahani iliyochakaa na redio ya mkulima. Mnong'ono hauvumilii chochote.

Haya yanatuleta Simbo, katika Wilaya ya Kigoma. Mkoa huu umepokea wakimbizi kutoka Burundi mwaka 1972, tena 1993, tena 2015, nao hawakuja na vyungu na mikeka peke yake. Tuseme mwalimu wa sekondari pale Simbo anataka kunasa wimbo wa mzee mwenye sauti ndogo, au wa bibi anayembembeleza mjukuu. Desturi tuliyoizoea ni kumwambia mzee, "Paza sauti, baba." Huo sio unasaji, ni kumtungia mzee wimbo mwingine. Isogezwe maikrofoni. Ikitoka umbali wa mita moja hadi sentimita 25, volti huongezeka karibu mara nne, na mchakato wa amplifaya haukuongezeka hata chembe. Kuzungusha kitufe hakuwezi kufanya hivyo, kwa sababu kitufe hukuza vyote viwili.

Na kabla ya mzee kuketi, amplifaya ipimwe. Twashauri plagi moja ya pini tatu ilehemiwe rezista ya omu 150 baina ya pini ya pili na ya tatu, ikae mfukoni daima. Ichomekwe mahali pa maikrofoni, kitufe kipandishwe, na watu wasikilize. Kukiwa na mchakato mkali, ubovu umo ndani ya chombo. Kukiwa kimya, na kelele ikarudi maikrofoni inapochomekwa, wa kuchunguzwa ni kebo au maikrofoni. Mvumo wa hezi 50 huingia kutoka nje, mara nyingi kwa gamba la kebo lililokatika, au kwa vyombo viwili vilivyofungwa ardhini mahali mbalimbali. Ule wa hezi 100 hushuhudia kapasita za ugavi wa umeme zilizokauka. Mkwaruzo unaokuja na kutoweka kwa kugongagonga kwa kijiti cha mti ni kiungo kilicholehemiwa vibaya. Kigoma kwa miaka mingi iliendeshwa kwa jenereta za dizeli, na jenereta ikilemewa mvumo wake huteremka chini ya 50. Asikilizaye utepe wa zamani asishangae kuona chujio la mvumo linakosa shabaha.

Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazofuta mchakato baada ya kazi, na vijana huzipenda mno. Kwa hotuba zinafaa. Kwa inanga ni hatari, kwa kuwa programu haina namna ya kujua pumzi ipi ni ya transista na ipi ni ya mzee. Hufuta zote mbili na kuacha nyuzi tupu, safi, zisizo na neno. Mwalimu wa Simbo na ahifadhi kwanza nakala isiyoguswa, pamoja na karatasi yenye tarehe, jina la wimbo, umbali wa maikrofoni kutoka kinywani, na namba kilipokuwa kitufe cha amplifaya.