Ujirani wa Samaki katika Tangi la Kioo

Ng'ambo ya milima ya Nyandarua, ambayo sisi wakaaji wa Witeithie huitazama upande wa magharibi asubuhi isiyo na ukungu, liko ziwa la Naivasha, ambalo mwanzoni mwa karne iliyopita lilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, kisamaki cha jamii ya killifishi kisichotimia urefu wa kidole, nacho hakijaonekana tena tangu mwaka 1962. Kabla na baada ya kutoweka kwake wageni waliingizwa mmoja baada ya mwingine: perege wa mto Athi mwaka 1925, besi wa Marekani mwaka 1929 kwa burudani ya wavuvi wa ndoana, perege wa aina nyingine mwaka 1956, kamba mwekundu wa Louisiana mwaka 1970, na hatimaye karpu, aliyeanza kuonekana mnamo mwaka 2001. Kila mgeni aliyeletwa kwa kusudi alipimwa kwa faida yake peke yake. Kwamba ataishi na nani, na huyo wa kuishi naye atabaki na nini, hilo halikuwa swali la kwanza. Besi humeza kila kinachoenea kinywani mwake; kamba alikata mimea hata mayungiyungi yaliyotanda ziwani yakatoweka; karpu hufukua tope na kuyachafua maji.

Naanza kwa habari hiyo kwa sababu mtu anunuaye tangi la kioo, akalijaza samaki waliomvutia macho dukani Nairobi, hulifanya jambo lile lile kwa kipimo kidogo, na taksiri zake huwa ni zile zile.

Lililo wajibu kutazamwa mwanzo, kabla ya rangi ya samaki na bei yake, ni maji yatokayo bombani. Katika pande zetu hizi za Thika, Juja na Ruiru, maji ya nyumbani yana asili mbili. Yako yale ya mito iteremkayo kutoka Nyandarua, mepesi, yenye madini machache. Na yako ya visima virefu vilivyochimbwa na wenye majumba ya kupangisha, ambayo kwa kukaa sana katika miamba ya volkano yamebeba floridi na magadi, hata kipimo chake cha pH aghalabu hupanda kuelekea 8. Samaki neoni, ambaye asili yake ni vijito vya Amazon vyenye maji laini yaliyoingiwa na asidi ya majani yaozayo, atastawi katika maji ya mto, maadamu yameachwa ndooni siku nzima ili klorini iondoke. Lakini katika maji ya kisima atadhoofika pole pole, na mwenyewe atadhani ni maradhi. Gapi wa Marekani ya Kusini, plati na moli wa Marekani ya Kati, kadhalika furu wa maziwa yetu ya Afrika Mashariki, huyapokea maji ya magadi pasipo taabu. Basi nyumba mbili zinazotazamana, moja ikitumia maji ya mto na ya pili maji ya kisima, zaweza kuhitaji jamii mbili za samaki zisizoshirikiana hata mmoja. Wako wauzaji wasemao kwamba samaki huzoea, na ni kweli kwamba huzoea kuishi kwa muda. Kuzaa, kung'aa na kufika umri wake ni mambo mengine kabisa, nayo ndiyo yapasayo kuwa kipimo.

Katika maji iko pia baridi. Tuko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,500, na usiku wa mwezi wa Julai nyumba zetu za mawe hupoa vibaya, ilhali neoni na samaki aitwaye enjeli hutaka nyuzi 24 au zaidi za Selsiasi. Hita huondoa dhiki hiyo mpaka umeme unapokatika. Kwa hiyo tangi la lita 200, yaani urefu wa sentimita 100, upana wa 40 na kimo cha 50, ni salama kuliko dogo, kwani maji mengi hupoa taratibu. Walakini meza yake sharti iwe thabiti, kwa maana maji hayo peke yake yana uzito wa kilo 200. Samaki wa dhahabu hustahimili baridi, lakini ni mchafuzi mkubwa na joto la wenzake halimfai. Huyo huwekwa na jamaa zake tu.

Baada ya maji hutazamwa kinywa, na hapa wengi hukosea kwa sababu samaki huuzwa wakiwa wachanga. Enjeli na neoni wote ni watu wa Amazon, maji yao ni mamoja, na wakiwa wadogo huogelea pamoja kwa amani inayopendeza. Ila enjeli hukua akawa sawa na kiganja cha mkono, na neoni, ambaye hapiti sentimita nne, humezwa usiku mmoja mmoja. Lau tungetaka ushahidi mkubwa zaidi tungelitazama Ziwa Viktoria, ambako sangara, ndiye mbuta wa watu wa Kisumu, alitiwa upande wa Uganda katika mwaka 1954. Mwanasayansi Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 kupinga azma ya kumwingiza rasmi, akaonya kuhusu mlaji mkubwa kuwekwa katika ziwa ambalo samaki wake hawakumzoea. Miaka ya 1980 sangara alienea ziwa zima, na aina zipatazo 200 za furu zikadhaniwa kuwa zimepotea. Wako na wadogo wenye udhia wa namna nyingine: barbi wa mistari wa Sumatra hammezi mtu, lakini akiwekwa peke yake au wawili watatu huyatafuna mapezi marefu ya enjeli, wakiwa wanane au zaidi hushughulishana wao kwa wao.

Jambo ambalo halitajwi sana, nami naliona kuwa ni adhimu kuliko yote, ni mwanga. Katika miamba ya ghuba ya Mwanza yuko furu aitwaye Pundamilia nyererei, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1985 na kupewa jina la Mwalimu Nyerere, ambaye dume lake lina mgongo mwekundu. Na karibu naye yuko jamaa yake, Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la rangi ya buluu. Majike wa aina hizi mbili wanafanana mno, na kila jike humtambua mume wa aina yake kwa rangi. Ole Seehausen na wenzake walidhihirisha, katika makala ya mwaka 1997, kwamba mahali maji yalipochafuka na mwanga ukapotea, hiari hiyo ya majike ilidhoofika na aina zikaanza kuchanganyika. Kwa hiyo mfugaji atakaye kuwaweka furu wetu, na natamani wawe wengi, asichanganye aina mbili za karibu katika tangi moja, hata kama hazipigani. Maana watoto watakaozaliwa hawatakuwa hawa wala wale. Dume mmoja, majike wanne au watano, mawe yenye mapango, na taa nyeupe: inatosha.

Wabaki mpangilio wa kuingiza samaki. Mavi ya samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo vijidudu wakaao katika kichujio huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Nao vijidudu hao huhitaji majuma manne hadi sita kutimia. Amonia hiyo huwa na sumu kali zaidi kadiri pH ipandavyo, hivyo mwenye maji ya kisima asubiri zaidi kuliko jirani yake wa maji ya mto. Hutangulia wachache walio wagumu, kama gapi watano, na kichujio kikioshwa kioshwe kwa maji ya tangi lenyewe, wala si ya bomba. Furu dume, na kila samaki mwenye kudai milki, huingizwa mwisho, na siku ile ile mawe hupangwa upya, ili wenyeji na mgeni waanze kutafuta makao kwa wakati mmoja.