Mkono Upigao Ndio Ufundishao

Watu wakitoka kwenye taarab Unguja, njiani husifu sauti ya mwimbaji, husifu fidla, husifu ganuni. Mpiga ngoma ya dumbak hutajwa kwa nadra. Lakini mwondoe yeye na mwenzake apigaye rika, ala ya visahani, kwa wimbo mmoja tu, na waimbaji wale wale, fidla zile zile, wataanza kutazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake aamue mwendo. Kumbe muda wote kuna mtu alikuwa akiwaamulia.

Nataka kuisifu kazi ya mtu huyo, na hasa kuwasifu walioifanya kuwa maisha yao: usiku wapo jukwaani, asubuhi wapo darasani. Wapo wanaowahurumia. Husema msanii hufundisha pale maonyesho yanapokosekana, kwamba darasa ni la kujazia kibaba. Mimi sioni hivyo. Kwa wapiga ngoma, kupiga na kufundisha ni kazi moja, maana mpiga ngoma tangu mwanzo kazi yake ni kuwaongoza wengine wasipotee njia.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Dumbak hulazwa juu ya paja la kushoto, ikakumbatiwa kwa mkono wa upande huo. Mkono wa kulia ukipiga katikati ya ngozi hutoka sauti nene: dum. Vidole vikigonga ukingoni hutoka sauti kali: tak. Mkono wa kushoto nao, ukiwa umepumzika juu ya ukingo, hujibu kwa vidole: ka. Mambo yote, hata yale yanayowainua watu vitini, yamejengwa juu ya sauti hizo tatu.

Mwanafunzi mgeni hudhani nguvu ndiyo sauti. Hupiga kwa kiganja kizima kilichokakamaa, kisha akakiacha pale pale juu ya ngozi, na ngozi inazibwa kinywa. Mwalimu mzuri hamgombezi. Humshika kifundo cha mkono, akakitikisa mpaka kilegee, akamwonyesha kwamba dum huzaliwa pale mkono unapoondoka. Gusa, ondoka, iachie ngozi iseme. Ni somo la dakika moja kulieleza na la miezi kulifanya liingie mwilini, na mwalimu hulirudia bila kuchoka kwa sababu yeye mwenyewe hulirudia kila anapoishika ala.

Kisha kuna kuhesabu. Taarab ya kale ilichota sana Misri, na miongoni mwa mizani iliyokuja na muziki ule wa Kiarabu umo samai, wenye mapigo 10. Dum la kwanza, kisha mapigo mawili ya kimya. Tak la nne, kimya. Dum la sita, dum la saba, tak la nane, halafu kimya tena mpaka duara lijifunge. Hesabu utaona kwamba mapigo matano kati ya kumi hayapigwi kabisa. Nusu ya mzani ni kujizuia. Anayeanza haivumilii nafasi ile. Mkono unamwasha, anaijaza, na wenzake wote wanayumba. Rika, kwa visahani vyake, inaruhusiwa kuzipamba nafasi hizo, lakini ruhusa ya kupamba hupewa aliyekwisha kujua kunyamaza. Sijui somo jingine la muziki linalomfunza mtoto subira kwa njia ya wazi namna hii.

Walimu wengi huanzia mdomoni. Darasa zima husema dum, tak, ka kwa sauti, wakipiga makofi kwenye mapaja, kabla ngoma haijaguswa. Asiyeweza kuutamka mzani hataweza kuupiga. Na hapo ndipo unapoona kwamba mpigaji analihitaji darasa kama darasa linavyomhitaji. Jukwaani mkono wake hufanya mambo bila kumwuliza. Mtoto akisema, "Mwalimu, hapo umefanyaje?", inambidi apunguze mwendo, apige moja moja, agundue ni kidole gani kilichotangulia na kwa nini. Ujuzi uliokuwa umelala mkononi unapanda kichwani. Aliyefundisha asubuhi hupiga jioni akijua anachokifanya.

Kwetu hili si jambo geni. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kama mwimbaji, na mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX. Wanawake wa Unguja walimjua pia kwa msondo, ile ngoma ndefu aliyoifunga kiunoni na kuipiga amesimama, na kwa unyago, ambako alikuwa somo, mfundaji wa wali. Katika unyago hakuna ngoma upande huu na mafunzo upande ule. Anayopaswa kuyajua mwali kuhusu mwili wake, ndoa na heshima yamo ndani ya nyimbo na mapigo yenyewe, na ngoma ikikaa kimya somo nalo limekwisha. Ungemwuliza bibi yule kama yeye ni mpigaji au mwalimu, swali lenyewe lingekosa maana.

Bara nako, taifa liliielewa hoja hii mapema. Baada ya uhuru Tanzania iliunda Kikundi cha Taifa cha Ngoma, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981, wasanii waliotoka kikundini ndio waliokuwa miongoni mwa walimu wake. Mikono iliyozoea majukwaa ikaingia darasani. Leo chuo hicho ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, na ukipita karibu kabla ya onyesho utakuta ngoma zikipashwa moto ili ngozi zikaze, mtu akigonga, akisikiliza, akizisogeza tena motoni. Kijana wa Bukoba hujifunza pale vinganga vya Wamakonde, ngoma ndogo zenye sauti ya juu. Wa Tanga hujifunza muheme ya Wagogo, ambayo kwa desturi wapigaji wake ni wanawake, ngoma ikiwa imebanwa katikati ya mapaja. Ujuzi uliokuwa wa kijiji kimoja unapata warithi nchi nzima, na kazi hiyo yote inapitia kwa watu ambao jioni wenyewe hupanda jukwaani.

Unguja, vijana wa vikundi vikongwe kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa 1905, na Culture Musical Club, cha 1958, walijifunza kwa kukaa karibu na wakubwa, kutazama mikono, na kungojea siku mkubwa fulani asipofika. Njia ile ilitoa mafundi wa kweli. Lakini ilimfaa aliyekuwa na ruhusa ya kukaa pale, na kwa miaka mingi aliyekaa kwenye dumbak na rika alikuwa mwanamume. Chuo cha muziki cha DCMA kilipofungua milango mwaka 2002, mpigaji akawa mwalimu mwenye ratiba, na msichana wa shule akapata haki ya kuja na kuuliza. Mwaka 2009 Bi Maryam Hamdani aliunda Tausi, kikundi cha taarab ambacho ala zake hupigwa na wanawake. Nchini Rwanda, kikundi cha Ingoma Nshya kilichozaliwa Butare mwaka 2004 kiliwapa wanawake ngoma ambazo desturi iliwanyima. Milango ya namna hiyo haikufunguliwa na vipaji peke yake. Palihitajika mtu aliyekubali kukaa chini na kusema: weka mkono hapa.

Kimaisha, kazi hii haina mteremko. Zanzibar, Ramadhani ikiingia muziki hutulia. Masika yakija hoteli nyingi hupungukiwa na wageni, na unyevu huzilegeza ngozi za ngoma. Msimu wa harusi ukirudi, mpiga kidumbak atashinda na ngoma zake mbili ndogo tangu alasiri mpaka usiku mkubwa, ala za sanduku na cherewa zikimsindikiza pembeni, wanawake wakicheza bila kumpa nafasi ya kuvuta pumzi. Kesho yake asubuhi, viganja vikiwa bado vimevimba, wanafunzi wanamngoja. Anakwenda. Kufika kwake kule ndiko ninakokusifu kuliko makofi ya usiku uliopita.

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Wanaoijua kazi ya kuwamba wanajua pia kwamba ngozi ikivutwa upande mmoja tu, sauti hupotoka. Mpiga ngoma anayefundisha amekubali kuachia kamba kidogo, wengine nao wavute. Anampa mwanafunzi mbinu ambazo kesho zitampunguzia yeye mialiko, na anampa zote, kwa kuwa anajua ngoma iliyobaki kwa mtu mmoja imebakiwa na umri wa mtu mmoja.

Basi tuwape haki yao. Kwa miaka mingi Watanzania walizisikia ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, fundi asiyeona, redioni kabla ya taarifa ya habari, na wengi waliijua ngoma bila kumjua mwenye mikono. Tusirudie. Mwenye harusi, unapopatana bei na kikundi, uliza mpiga ngoma analipwa nini. Mtangazaji, unapowataja wasanii, mtaje na yeye, tena kwa jina kamili. Wakuu wa shule, mafundi hawa wapo mitaani kwenu. Wapeni chumba, saa na mshahara unaoeleweka. Na mzazi ambaye mwanao hagusi meza bila kuitwanga, usimkanye. Mpeleke kwa fundi anayepiga na kufundisha, umwache huko mpaka ajue kunyamaza kwenye mapigo matano na kusema kwenye matano. Atakuwa amepata kazi ya mikono, na amejifunza kuishi na watu.