Mbegu Ikichoka: Somo la Kichomi Kutoka Kilima cha Hospital Hill

Ukitoka Joubert Park, Johannesburg, ukapanda kuelekea kaskazini-magharibi, unafika Hospital Hill, ilipojengwa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Afrika Kusini. Ilianzishwa mwaka 1912, na kilichoisukuma kuzaliwa ni kichomi, yaani nimonia. Wanaume waliokuja kuchimba dhahabu, hasa waliotoka Nyasaland na Msumbiji ya kaskazini, walikufa kwa nimonia kwa wingi kiasi kwamba mwaka 1913 serikali ilipiga marufuku kuajiri watu wa kaskazini ya latitudo 22 kusini. Wenye migodi walitaka chanjo, na waliodungwa sindano za kwanza walikuwa watu wa mkataba waliofungiwa kwenye kampaundi, wasio na nafasi halisi ya kukataa. Naliandika hili mwanzoni kwa sababu yote yanayofuata yalisimama juu ya miili yao.

Mwaka 1911 aliletwa Almroth Wright kutoka London, mtu aliyekwisha kujijengea jina kwa chanjo ya homa ya matumbo. Njia yake ilieleweka: kuza pneumokoki, bakteria wa kichomi, waue kwa joto, dunga. Maelfu walidungwa, lakini matokeo hayakuonyesha kinga ya kuaminika. Wright alikuwa hodari wa kukuza bakteria. Alichokosa ni kujua alikuwa amekuza yupi.

Swali hilo lilichukuliwa na Spencer Lister. Mgonjwa aliyepona kichomi ana damu inayomtambua adui yake, kwa hiyo Lister alichukua majimaji ya damu hiyo na kuyachanganya na pneumokoki wa mgonjwa huyohuyo: wakagandamana. Alipoyachanganya na pneumokoki wa mgonjwa mwingine, mara nyingi hawakugandamana. Kufikia 1913 alikuwa amewagawa katika makundi aliyoyapa herufi, na mwaka 1917 alitoa ripoti ya chanjo iliyotengenezwa kwa makundi yaliyowaua wachimbaji zaidi. Kwangu mimi, ugunduzi mkubwa wa kilima kile ni kipimo hiki cha utambulisho kuliko chanjo yenyewe.

Tofauti ya makundi hayo iko kwenye koti. Pneumokoki mkali amejifunika ganda la sukari ndefu, na sura ya sukari hiyo ndiyo humtofautisha na ndugu zake. Ndani ya pafu koti ni uhai, kwani bila hilo chembe nyeupe za damu humla mara moja. Ndani ya chupa ya mchuzi wa nyama hakuna chembe nyeupe. Kulifuma koti kunakula nguvu, na huko hakumletei faida yoyote. Akitokea mmoja aliyepoteza uwezo wa kulifuma, hapati adhabu, na vizazi vikiendelea uzao wake unaweza kujaa chupani. Mchuzi unabaki na ukungu uleule, wingi ni uleule, jina kwenye lebo ni lilelile, lakini mbegu imechoka. Mkulima wa mahindi anayerudia kupanda punje za mavuno yake msimu baada ya msimu analijua jambo hili bila darubini.

Chanjo ya bakteria waliovuliwa koti haiwezi kuufundisha mwili kulitambua koti. Mwaka 1928 Fred Griffith, Mwingereza, aliandika kwa undani juu ya hali hizi mbili: vishada laini vinavyong'aa kwenye sahani ya maabara ni vya wenye koti, vyenye mikwaruzo ni vya waliolipoteza. Neufeld, huko Ujerumani, alikuwa ameonyesha tangu 1902 kwamba majimaji ya damu yanayolingana hulifanya koti lionekane kama limevimba chini ya darubini. Macho na damu, basi, vilitosha kumhoji bakteria.

Upande wa pili wa kazi ya kuilinda mbegu isichoke ni kupunguza vizazi. BCG, chanjo ya kifua kikuu, ndiyo inayotufundisha vizuri zaidi. Calmette na Guérin waliihamisha kutoka chombo hadi chombo mara 230 kati ya 1908 na 1921 ili makali yake yapoe, na walifaulu. Kisha maabara za dunia zikaendelea kuihamisha kila moja kwa njia yake, hadi ikawa jamii kadhaa za BCG zisizofanana. Tiba iliyopatikana ni akiba ya mbegu mama: inakaushwa au kugandishwa, na kila toleo la chanjo huanzia hapo.

Mwaka 1923 Heidelberger na Avery walionyesha kuwa koti ni sukari, na hilo liligeuza kazi: badala ya bakteria mzima, lidungwe koti lililosafishwa. Katika miaka ya 1970 Robert Austrian alikwenda kwenye migodi ileile ya dhahabu, akadunga wachimbaji vijana, na kichomi cha aina zilizomo katika chanjo kilipungua sana. Marekani iliruhusu chanjo hiyo mwaka 1977.

Watoto wachanga hawaitikii sukari tupu, kwa hiyo siku hizi koti huunganishwa na protini. Kenya ilianza kutoa chanjo ya namna hiyo mwaka 2011, na huko Kilifi maradhi makali ya aina zilizomo katika chanjo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Chanjo hiyo ilikuwa na makoti 10, kila aina ikikuzwa kwenye pipa lake na kuhakikiwa kivyake kabla ya kuchanganywa na wenzake.