Bizimu la Tara: Jina na Kazi

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Bizimu la Tara, pambo la kale la Ayalandi la kufungia joho, ni chema kilichotembezwa. Nasi twaona kwamba matembezi hayo yameleta hasara.

Bizimu hili liliokotwa mwaka 1850 karibu na Bettystown, kwenye mwambao wa mashariki. Sonara wa Dublin, George Waterhouse, alilinunua akalipa jina la Tara, kilima cha wafalme wa zamani, ingawa halikupatikana huko. Kisha akatengeneza nakala zake na kuziuza. Biashara ya namna hiyo ilizoeza wanunuzi kutaka hadithi kabla ya kutazama kazi. Hata leo, pete na vidani vya mafundo ya Kikelti huuzwa kwa maelezo kwamba fundo hili ni mapenzi yasiyokwisha, na lile ni umilele. Mafundi wa kale hawakutuachia ufunguo wa maana hizo. Tena, msuko huo ulistawi visiwani humo katika karne ya 7, ukichota pia katika sanaa za Wajerumani wa kale na za nchi za Mediterania.

Tukiyaweka hayo kando, twaona nini? Twaona fedha iliyopakwa dhahabu, kazi ya yapata mwaka 700, yenye kaharabu, vioo na nyuzi nyembamba za dhahabu, katika duara lisilozidi sentimita 9. Kanuni ya msuko ni moja: ukanda uliopita juu ya mwenzake sharti upite chini ya ufuatao, vivyo hivyo hadi urudi ulikoanza. Kosa moja lingeonekana mara. Nao upande wa nyuma, uliolalia nguo, umenakshiwa kwa uangalifu uleule wa mbele.

Hatusemi kwamba halina dosari. Nakshi zimesongamana mno, jicho halipati pa kupumzikia. Ukiliangalia kwa mbali, wauona mng'ao tu. Ni pambo la kusomwa kwa karibu, kwa saburi.

Basi, walimu wenzetu, mwanafunzi akituuliza fundo kama hili lina maana gani, tumwambie kwanza aufuate ukanda mmoja kwa kidole mpaka urudi ulikoanza. Akiisha kufanya hivyo, ndipo tuzungumze juu ya maana.