Mkate wa Kumimina: Kazi ya Usiku na Kazi ya Alfajiri

Mkate wa kumimina una viungo vichache: mchele, tui la nazi, hamira, sukari, iliki na ute wa yai. Hauna ngano, haukandwi wala hausukumwi. Mchele unalala majini, unasagwa pamoja na tui, unaumuka, unamiminwa kwenye sufuria ya moto, na asubuhi nyumba nzima inanywea chai mkate wa sufuria moja. Kwa mzazi mwenye watoto wanne na wageni wa sikukuu, hiyo ni nafuu kubwa kuliko kusimama jikoni akigeuza chapati moja moja. Hata hivyo, huu ndio mkate unaowakatisha tamaa wapishi wengi. Unatoka mchachu, au unanywea katikati mara tu unapoepuliwa, au unaacha chini tabaka bichi linalonata kwenye kisu.

Wengi hulaumu hamira au mchele, lakini mara nyingi kosa liko kwenye mpangilio wa saa. Mkate huu una vipindi viwili vya kusubiri, na kila kimoja kina masharti yake. Kuroweka kunataka muda mrefu na ubaridi. Kuumua kunataka muda mfupi na joto. Anayesaga jioni, akatia hamira ya kutosha, akaacha bakuli mezani hadi alfajiri, amevichanganya vipindi hivyo, na hakuna kipimo cha sukari kitakachomwokoa.

Usiku: mchele na maji

Vikombe viwili vya mchele, kama gramu 400, vinatosha sufuria yenye upana wa sentimita 22 hadi 24. Basmati inafaa, na mchele wa Kyela au pishori ya Mwea hufaa vilevile, mradi uwe mchele mkavu wa kawaida. Ule uliochemshwa na maganda yake kabla ya kukobolewa haufai kabisa. Wanga wake umeshaivishwa kiwandani, kwa hiyo ukisagwa unatoa ujiuji unaovutika, na viputo vya hewa vinashindwa kukua ndani yake. Mchele mpya wa msimu nao hunata kuliko ule uliokaa ghalani miezi kadhaa, hivyo ukiutumia punguza tui kidogo.

Punje kavu ya mchele ni ngumu, na blenda ya nyumbani haiwezi kuifanya laini bila msaada wa maji. Punje ikirowekwa hunywa maji yanayokaribia asilimia 30 ya uzito wake. Sehemu kubwa huingia katika saa mbili tatu za mwanzo, na saa zinazobaki hulainisha kiini. Ukitaka kujua kama mchele uko tayari, bana punje moja kati ya kucha na kidole. Ikipondeka yote na kuwa unga mweupe, saga. Ukihisi kichembe kigumu katikati, bado.

Faida kubwa ya usiku ni kwamba kazi hii inafanyika watu wamelala, lakini hali ya hewa ya Pwani ina gharama yake. Usiku wa Mombasa, Tanga au Unguja katika miezi ya joto haushuki sana chini ya nyuzi 25 za Selsiasi, na maji ya mchele yaliyoachwa humo huanza kutoa povu na harufu. Mchele mbichi pia hubeba bakteria waitwao Bacillus cereus. Mbegu zao hustahimili kupikwa, na wakipata joto na unyevu kwa saa nyingi huweza kutoa sumu ambayo moto wa jikoni hauivunji. Kwa hiyo osha mchele mpaka maji yawe meupe kidogo tu, mimina maji safi yanayoufunika kwa vidole viwili, kisha weka bakuli kwenye friji. Nyumba isiyo na friji ibadilishe mpango: roweka kabla tu ya kulala, na amka mapema kusaga. Tui la kukamua mwenyewe nalo lisikae nje usiku, kwa kuwa huchacha upesi kuliko mchele. Bila friji, kuna nazi na kuamka alfajiri kuikuna.

Alfajiri: kusaga na kuumua

Saa kumi na moja alfajiri, chuja mchele na uache maji yote yadondoke. Pasha tui zito, kikombe kimoja na nusu, mpaka liwe vuguvugu. Hatua hii hurukwa na wengi, na ina sababu yake. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Tui lililotoka kwenye friji lina mafuta yaliyoganda, ambayo yakichanganyika na mchele baridi hubaki vipande vipande na kuichelewesha hamira. Lisichemke, maana tui la moto litaiua hamira kabla haijaanza kazi.

Anza kusaga kwa kikombe kimoja tu cha tui. Ukijaza maji mengi mwanzoni punje huelea na kukwepa visu, na unabaki na rojo lenye chenga. Saga, pumzisha blenda, saga tena, ukiongeza tui lililobaki kidogo kidogo. Kipimo kiko kwenye ncha za vidole: chukua tone, lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Likiteleza bila kukwaruza, limekuwa tayari. Zile chenga ndogo ambazo mtu huona si neno huzama chini ya sufuria wakati mkate unaiva, na ndizo zinazofanya lile tabaka la chini.

Usagaji huu unahitaji umakini kuliko wa ngano kwa sababu mchele hauna gluteni. Kwenye maandazi au chapati, gluteni hutengeneza utando unaovutika na kushika gesi. Kwenye mkate wa kumimina gesi inashikwa na uzito wa rojo peke yake. Rojo jepesi huachia viputo vipande juu na kupasuka, huku wanga ukizama. Rojo zito mno huvibana viputo visikue. Uzito ufaao unauona kwenye mwiko: inua rojo, liache litiririke kurudi bakulini, na alama litakayochora juu ya uso ibaki ikionekana kwa nukta mbili tatu kabla ya kuzama. Wapishi wengine husaga pamoja na kijiko kimoja au viwili vya wali uliopikwa. Wanga ulioiva tayari huongeza uzito bila kufanya rojo kuwa kavu, na ni msaada wa kweli kwa mwenye mchele usio na nguvu.

Sasa hamira. Kijiko kimoja cha chai cha hamira ya chenga kinatosha, pamoja na kijiko kikubwa kimoja cha sukari cha kuianzishia kazi. Sukari iliyobaki isubiri. Sukari nyingi huvuta maji na kuinyima hamira unyevu inaouhitaji, na mkate utakaokuwa na nusu kikombe au zaidi unapata taabu kuumuka ukitiwa yote mwanzoni. Funika bakuli, weka mahali penye joto la nyuzi 28 hadi 30, karibu na jiko au ndani ya oveni iliyozimwa.

Baada ya dakika 45 hadi 60, fungua na utazame kwa karibu. Uso wa rojo utakuwa umepanda na kutuna kidogo, wenye viputo vidogo vingi kama punje za mtama, na ukitikisa bakuli unatikisika wote pamoja. Hapo ndipo penyewe. Ukiona alama ya rojo ukutani mwa bakuli iliyo juu kuliko rojo lenyewe, maana yake limepanda na limeanza kushuka. Likishuka sana, harufu ya pombe na uchachu hutangulia. Watu hujaribu kuufunika uchachu huo kwa sukari na iliki, lakini kilichopotea hapo ni gesi pamoja na ladha, na gesi hairudishwi na sukari.

Ongeza nusu kikombe cha sukari, nusu kijiko cha chai cha iliki iliyotwangwa papo hapo na chumvi kidogo. Piga ute wa yai moja mpaka ufanye povu linalosimama huku ncha yake ikiinama, kisha uchanganye taratibu kwa mwiko. Bakuli la kupigia liwe kavu, na ute usiwe na hata tone la kiini, kwa kuwa mafuta ya kiini huzuia povu. Liache rojo dakika kumi tu, muda wa kuandaa moto.

Motoni: pengo la nyuzi kumi

Sehemu hii ndiyo inayotenganisha mkate uliosimama na ulionywea. Rojo likianza kupata joto, hamira huchangamka na kutoa gesi kwa kasi kwa mara ya mwisho. Likifika kati ya nyuzi 55 na 60, hamira inakufa. Wanga wa mchele wenyewe hauivi mpaka kwenye nyuzi 65 hadi 78, kutegemea aina ya mchele. Katikati kuna pengo: gesi mpya hakuna, na kuta za viputo bado ni majimaji. Mikate mingi inayonywea imeharibikia hapo.

Ute wa yai unasaidia kuliziba pengo hilo. Huanza kuganda kwenye nyuzi 62 hivi, kabla wanga haujaiva, na hushikilia kuta mpaka wanga uchukue kazi. Ndiyo maana wapishi wakongwe hawauachi hata kama mkate wao unaumuka vizuri. Sukari inafanya kinyume chake: huchelewesha wanga kuiva, hivyo hulipanua lile pengo la hatari. Anayezidisha sukari mpaka kikombe kizima hapati utamu peke yake, anapata pia mkate unaonata katikati.

Njia ya pili ya kulivuka pengo ni kulivuka upesi. Pasha sufuria na vijiko viwili vya samli au mafuta mpaka tone la rojo lichachatike, pakaza pande zote, kisha mimina rojo lote kwa mkupuo mmoja. Acha moto wa wastani dakika tatu ili chini na pembeni pashike, halafu punguza sana. Kuanzia hapo joto la juu ndilo linalohitajika. Kwenye jiko la mkaa, bakiza makaa machache chini na upalie mengi zaidi juu ya mfuniko. Kwenye oveni, iwe imeshafika nyuzi 180 kabla hujamimina, na mkate ukae dakika 30 hadi 40. Jiko la gesi bila oveni linawezekana kwa sufuria nzito na mfuniko unaobana, ila uso utabaki mweupe.

Si Waswahili peke yao walioshughulika na tatizo hili. Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, Kerala, kuna vattayappam, mkate wa mchele, nazi na iliki unaoumuliwa vivyo hivyo, lakini wao huuivisha kwa mvuke, ambao hufikisha joto pande zote kwa pamoja. Ufilipino kuna bibingka, inayookwa kwa makaa juu na chini kama ya kwetu. Kila mahali mpishi anatafuta jambo lile lile: joto lifike juu kabla viputo havijachoka.

Mkate ukikaribia kuiva, viputo vya juu hupasuka na kubaki vitobo vilivyo wazi, kingo zinaachana na sufuria, na katikati hapatikisiki. Choma kijiti, kikitoka kikavu, epua. Kisha subiri dakika 20 kabla ya kukata. Wanga huendelea kukaza kadiri unavyopoa, na mkate uliokatwa wa moto utaonekana mbichi hata kama umeiva sawasawa.

Kwa asiyeweza kuamka mapema

Kuna familia ambazo saa kumi na moja tayari watu wako njiani kuelekea kazini. Hao wanaweza kuumua usiku, kwa sharti la kubadilisha vitu viwili kwa pamoja: kiasi cha hamira na joto. Roweka mchele tangu mchana, saga saa tatu usiku, tia robo tu ya kijiko cha chai cha hamira na kijiko kikubwa cha sukari, kisha weka kwenye friji mara moja, katika bakuli lenye nafasi ya kupanda mara mbili. Kwenye nyuzi nne au tano hamira hufanya kazi polepole mno, na usiku mzima unakuwa sawa na ile saa moja ya alfajiri. Asubuhi utakuta rojo limekaza kwa sababu ya mafuta ya nazi na wanga umeshuka kidogo. Koroga mpaka chini, liache nje dakika 40 lirudi kwenye joto la chumba, ndipo utie sukari iliyobaki, iliki na ute. Mkate wa namna hii huwa na vitobo vidogo zaidi na uchachu mdogo wa kupendeza. Kinachoharibu ni kuchukua nusu ya mpango: hamira nyingi kwenye friji, au hamira kidogo juu ya meza.

Vipimo vitaendelea kutofautiana nyumba kwa nyumba, na si vibaya. Wapo wanaotia yai zima, wapo wanaopenda tui zito zaidi, wapo wanaoula mkate huu kwa mchuzi wa kuku wakati wa futari. Yote hayo mkate unayastahimili. Kisichostahimilika ni kuupa mchele joto la hamira, au kuipa hamira muda wa mchele. Mzazi anayemfundisha mwanawe mkate huu amfundishe saa kwanza, vikombe baadaye.