Nguo ya Kuazima

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, wala sikudhani kwamba siku moja ingenifaa katika kuzungumzia muziki. Lakini mambo ya siku hizi yamenirudisha kwake, nami naomba msomaji anivumilie nieleze ilivyokuwa.

Baba yangu mdogo, ambaye alikuwa mpigaji wa marimba enzi za ujana wake, aliugua kwa muda mrefu hapa Bahi. Jioni moja, tukiwa tumekaa naye uani baada ya ugali, aliomba kumsikia Hukwe Zawose. Mpwa wangu, kijana wa kidato cha nne, akadakia upesi, "Huyo ninaye kwenye simu, babu." Kweli alikuwa naye. Wimbo wa kwanza ukalia, mzee akaanza kutikisa kichwa. Kabla ya wa pili likaingia tangazo la sabuni kwa sauti kubwa. Ukafuata wimbo wa msanii mwingine kabisa, maana huduma ile ya bure ndiyo iliyokuwa ikichagua, si sisi. Kisha bando likaisha. Kijana alikimbia dukani kununua jingine, na aliporudi mtandao ulikuwa umekatika.

Mzee hakukasirika. Aliuliza tu, "Kumbe si zako? Umeziazima?"

Mpwa wangu alicheka, lakini mimi sikucheka. Niliingia ndani nikatoa flashi yangu, nikaichomeka kwenye redio ya sola tuliyoipata miaka ile ya mgao wa umeme. Humo mna albamu ya Chibite yote, niliyoinunua na kuihamisha mwenyewe. Tuliisikiliza toka mwanzo hadi mwisho, pasipo tangazo na pasipo bando.

Nataka kwanza niiseme kazi yenyewe, kwa sababu hoja ya kumiliki muziki haina maana kama muziki wenyewe haustahili kumilikiwa. Hukwe Zawose alizaliwa Doduma, katika mkoa wetu huu wa Dodoma. Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, na baadaye akawa mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Alifariki mwaka 2003. Chibite, ambalo kwa Kigogo maana yake ni "twende", ilitolewa mwaka 1996 na kampuni ya Real World ya Uingereza. Ni kazi yake pamoja na Charles Zawose, wa ukoo wake. Hakuna gitaa wala kinanda. Kuna sauti za watu, marimba, zeze na njuga.

Sifa kubwa ya albamu hii, kwa maoni yangu, ni kwamba haina haraka. Marimba huanza peke yake na kuzunguka palepale kwa muda, hata msikilizaji asiyezoea hudhani hakuna kinachotokea. Ndipo sauti ya Hukwe huingia, nzito ya kifuani, ikapanda hadi ile nyembamba ya juu ambayo Mgogo yeyote aliyehudhuria ngoma huitambua. Ukiukata wimbo wa namna hii katikati, umebaki na mwanzo tu. Ukiutia baina ya nyimbo mbili za disko, umeuonea.

Liko jambo jingine ambalo wasiotoka kwetu huenda hawalijui. Marimba ya Kigogo haitoi mlio mtupu kama kengele. Katika ubao wake hutobolewa matundu na kufunikwa na utando wa buibui, ili kila chuma kinapoguswa usikike mvumo mwembamba kama wa nyuki. Tena vipo vyuma ambavyo mpigaji havigusi kabisa. Hutetema vyenyewe kwa kuitikia wenzake. Mvumo ule ndio uhai wa chombo. Mafundi wa Real World waliukamata vizuri, kana kwamba umekaa hatua mbili kutoka magotini kwa mpigaji.

Basi sikiliza wimbo huohuo katika simu, kwa kiwango cha chini kinachochaguliwa ili kubana bando. CD hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde. Kiwango cha chini kabisa cha Spotify ni takriban 24. Ngoma itasikika, na maneno yatasikika. Lakini ule mvumo wa nyuki huweza kufifia au kupotea, kwa sababu mashine hutupa sauti inazozihesabu kuwa sikio halitazitambua. Mzee wangu, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka, aliijua tofauti hiyo bila kuelezwa. Redio ilipoanza alisema, "Sasa hii ndiyo marimba."

Haifai nizungumze kama kwamba mtandao haukuleta heri yoyote. Mpwa wangu asingemjua Hukwe kama si simu yake. Spotify ilifika Tanzania mwaka 2021, na Boomplay ilikuwa imetangulia Afrika Mashariki. Kwa shilingi chache kijana wa Bahi anaweza kusikia leo muziki ambao mimi, katika umri wake, niliungoja kwa Radio Tanzania wiki nzima, na pengine usipigwe. Kutafuta na kuonja kwa njia hii ni kuzuri. Kosa ni kudhani kwamba kuonja ndiko kuwa na chakula ghalani.

Maana cha kuazima hurudi kwa mwenyewe. Mkataba baina ya kampuni mbili za ng'ambo ukivunjika, nyimbo hutoweka katika simu ya mtu wa Bahi ambaye hakuulizwa. Mwanzoni mwa 2024 kampuni ya Universal iliondoa nyimbo zake TikTok kwa miezi kadhaa kwa sababu ya ugomvi wa malipo. Mwaka 2019 Myspace ilikiri kwamba muziki uliopakiwa kwao kwa zaidi ya miaka kumi ulikuwa umepotea. Waliokuwa wameweka nakala nyumbani ndio walionusurika.

Hata neno "nunua" limeanza kutiliwa shaka. Jimbo la California huko Marekani limetunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayomzuia muuzaji wa bidhaa za kidijitali kulitumia neno hilo pasipo kumwambia mteja wazi kwamba anapewa leseni tu. Faili ambalo mteja hulipakua na kubaki nalo daima halimo katika katazo hilo. Wanasheria nao wameona tofauti aliyoiona mzee wangu: kuna chako, na kuna ulichoachiwa ukitumie.

Hapa msomaji wa huku kwetu ataniuliza, "Mbona sisi tumemiliki siku zote?" Ni kweli. Tulikuwa na kanda, kisha vikaja vibanda vya kuingiza nyimbo katika memori kadi, ambako kwa pesa kidogo kijana mwenye kompyuta hukujazia mamia ya nyimbo. Mimi nami nilijaziwa. Nyimbo zile zilikuwa zangu, hazikuhitaji bando, lakini aliyeziimba hakupata hata senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu 1999, ila kibandani haikuwa na mtu wa kuisoma. Kwa hiyo nisijisifu. Kumiliki kwetu kulikuwa kwa namna ya mtu aliyevuna shamba la jirani usiku.

Mtandao nao umlipe nani? Tangu 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12. Kwa mwimbaji wa mjini hilo ni jambo dogo. Kwa mpiga zeze wa kijijini aliyerekodiwa mara moja, ni kusema kwamba wasikilizaji wake mia tisa si kitu. Lakini watu hamsini tu wakilinunua faili lake katika duka kama Bandcamp, ambalo huchukua asilimia 15 ya bei, hizo ni fedha za kununua mpunga.

Ninajua kununua faili si rahisi huku. Kunataka kadi ya kulipia mtandaoni, na kunataka subira ya kupakua usiku mtandao ukiwa umepoa. Wala kununua hakumalizi kila swali: kanda asilia hubaki mikononi mwa kampuni iliyorekodi, na msanii hupata kwa kadiri ya mkataba wake. Lakini walau mimi nimelipa, na nilicholipia ninacho.

Wazee walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Ushauri wangu kwa kijana ni mdogo. Sikiliza mtandaoni upendavyo. Katika zote unazosikiliza, chagua chache ambazo ungependa ziwepo siku bando litakapokuwa limeisha na mgonjwa anaziomba. Hizo zinunue, uziweke mahali pawili.

Baba mdogo alitutoka miezi mitatu baada ya jioni ile. Mpwa wangu aliniomba ile flashi, nami nilimkatalia. Nilimnunulia Chibite yake mwenyewe, na sasa anakusanya fedha za kununua Maisha, albamu ya mwaka 2024 ya The Zawose Queens, wanawake wa ukoo huohuo.